Kushukuru Kabla ya Kuambiwa

Mpendwa Baba Neema,

Neema amejifungua. Nimelitanguliza hilo kwa sababu wewe hukupenda mtu anayezunguka na habari. Ulikuwa ukisema, "Hebu sema kwanza, salamu baadaye." Basi ni mtoto wa kike, mdogo, masikio yako hayo hayo, na mama yake mzima. Sasa ndiyo nakusalimu. Hapa Michenzani hatujambo, maji bado hayapandi ghorofani kila siku, na magoti yangu yanalalamika kwenye ngazi.

Nimeiandika barua hii kwa mkono wangu wa darasa la nne, Neema atanirekebishia herufi. Itasomwa kwenye kikundi cha akina mama kanisani, maana wameniomba nieleze ilikuwaje hata mimi, mimi huyu, nikasimama mbele za watu. Wao watasikiliza, lakini ninayezungumza naye ni wewe.

Unazikumbuka Jumapili zetu? Kabla ya matangazo Padri anauliza, "Nani ana shukrani leo?" Mwenye jambo anakwenda mbele na alichonacho, nazi, mayai, kuku, anasema alivyotendewa, halafu ibada ikimalizika vile vitu vinapigwa mnada nje. Wenzetu walisimama kwa mambo makubwa, mtoto kafaulu, mgonjwa kapona, nyumba imeezekwa. Wewe ulisimama kwa kila kitu, na mimi nikazidi kuzama kwenye benchi. Ulishukuru kwamba maji yamepanda mpaka kwetu siku ya kufua. Ulishukuru kwamba umeunguza suruali ya mgeni pale hotelini Mji Mkongwe ulikokuwa ukipiga pasi, na yule mgeni akacheka badala ya kwenda kwa meneja. Kanisa zima likajua mume wangu anaunguza suruali za watu.

Na lile boga. Nilikuwa nimelitunza juu ya kabati, nikitoka kanisani nalipika na nazi. Nainua macho, naliona limekaa mbele ya madhabahu, nawe unamshukuru Mungu kwa kukupa mke anayejua kuchagua boga. Nje kwenye mnada Mzee Simoni, mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi, akalinyanyua juu. Nikanyoosha mkono.

"Mama Neema, si boga lenu hili?"

"Ndilo. Na nyumbani hakuna jengine."

Watu wakaangua kicheko. Mtu mmoja akasema nipewe tu, nisije nikamlaza baba wa watu na njaa.

"Hapewi mtu," Mzee Simoni akasema. "Hii mali ya Mungu sasa. Mama Neema, panda bei."

Njia nzima sikukusemesha, nawe umelibeba begani unapiga mluzi. Ulipokula ukadai limekuwa tamu zaidi kwa kuwa limepitia kanisani.

Mimi nilikuwa nakwambia, shukrani ni kama risiti. Huitoi mpaka mzigo umefika, umeufungua, umeona hakuna kilichovunjika. Siku ile Padri alipotusomea habari za wale wakoma kumi waliotakaswa, akarudi mmoja tu kushukuru, nilikuuliza njiani wale tisa walikwenda wapi.

"Walikwenda kuhakikisha kwanza kama ukoma umeondoka kweli," ukanijibu. "Watu kama wewe, mke wangu."

Nilinuna mpaka Kikwajuni. Lakini ulikuwa unanijua.

Hata ulipolazwa uliwashukuru wote, anayefagia, anayepima presha, mgonjwa wa kitanda cha pili kwa kukuazima feni. Nilikuletea uji siku hiyo, umeungua chini, moshi unanuka mpaka mlangoni. Ukanywa, ukasema ahsante. Nikakwambia acha kunishukuru kwa uji ulioungua. Ukasema, "Basi nakushukuru kwa kupanda nao ngazi." Nikatoka nje nikalia, kwa sababu mtu anayeshukuru namna ile nilimwona kama anafunga mizigo yake.

Ulipoondoka niliendelea kwenda kanisani. Kuomba niliomba, tena sana. Lakini Padri akiuliza nani ana shukrani, nilitazama pindo la kanga yangu. Niliogopa, Baba Neema. Niliona kwamba ukimwonesha Mungu kitu unachokipenda, atakikumbuka.

Ndiyo maana hili la Neema lilinitia wazimu. Mimba ya kwanza ilitoka, wewe hukuijua. Hii ya pili nikamkataza asiseme hata kwa shangazi zake. Desturi zetu unazifahamu, mimba haitangazwi, nguo za mtoto hazinunuliwi mapema. Akija mtu nyumbani, Neema namkalisha nyuma ya meza. Mumewe Petro aliniletea soksi ndogo za manjano, nikazificha ndani ya gunia la mchele hata yeye asijue zilipo.

Kumbe mtoto wako ni wako. Jumapili moja Padri kauliza, naona pembeni yangu Neema anajinyanyua na tumbo lake. Nikamshika kanga. Kanga ikabaki mkononi mwangu, yeye kaenda.

Akasema, "Namshukuru Mungu kwa mtoto anayecheza tumboni mwangu. Kama nitamshika mikononi mimi sijui. Lakini asubuhi ananiamsha, nami nafurahi."

Baba Neema, niliona giza. Tulipofika nyumbani hata viatu sikuvua.

"Umekwenda kutangaza kitu ambacho hakijazaliwa."

"Sikutangaza, mama. Nimeshukuru."

"Si ungengoja?"

"Nngoje nini? Yule wa kwanza nlingoja. Kaondoka sijamwambia hata neno moja zuri." Kisha akaongeza, "Baba angeshukuru."

"Baba yako angeshukuru hata akiumwa na nge."

Tukacheka wote wawili, lakini moyo wangu haukucheka. Kila siku niliamka nikisubiri adhabu ya shukrani ile.

Na uchungu ukaja kabla ya wakati wake. Asubuhi Neema alikuwa anachambua mchicha, mara akaniita, "Mama," kwa sauti ambayo mama yeyote anaijua. Unamkumbuka Bi Time, jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye Ramadhani anatuletea futari na Krismasi tunampelekea maandazi? Alisikia mlango wangu ukibamizwa, akaacha samaki wake na ndimu juu ya meza, akajifunga buibui akiwa ngazini. Hospitali wakamwingiza Neema ndani, Petro akatumwa dawa, sisi wawili tukabaki kwenye benchi.

Muda ukaenda. Waliingia watu mbio, wakatoka mbio, hakuna aliyetutazama. Ikaadhiniwa adhuhuri. Mimi naomba: Bwana, usimchukue. Usimchukue. Sina neno jengine. Na pembeni yangu Bi Time, kila akishusha pumzi, "Alhamdulillah." Akipita mtu, "Alhamdulillah." Nikavumilia, nikavumilia, mwisho nikashindwa.

"Bi Time, Alhamdulillah ya nini? Hatujaambiwa kitu."

"Ndo hiyo," akasema. "Hatujaambiwa baya."

"Na tukiambiwa?"

Unajua yeye alizika watoto wawili. Akanikamata mkono.

"Ntasema hivyo hivyo, shoga yangu, kwa kulia. Ntasemaje tena? Niliwapata, nikakaa nao. Wewe Mkristo, sema lako la kwenu. Usikae hivyo umeikaza roho kama kifundo cha kamba."

Nikajaribu. Mwanzoni ilikuwa tabu. Nikasema, ahsante kwa benchi hili. Ahsante kwa Bi Time aliyeacha samaki wake. Ahsante kwa Petro, mkwe asiye na makuu. Nikasema, ahsante kwa Neema. Hapo nikakwama. Maana nikiimaliza shukrani hiyo ni kama namwachia Mungu mtoto, nafungua kiganja. Nikamwona Neema akiwa mdogo, kakaa mabegani mwako Forodhani, anadondosha juisi ya miwa kichwani mwako, nawe unasema mvua imeanza. Siku ile nilikuwa nayo. Hakuna linaloweza kutokea ndani ya chumba kile likaifanya isiwepo.

Basi nikaimaliza. Nikasema, Bwana, ahsante kwa Neema, kwa miaka yote uliyonipa kukaa naye, na kwa huyu mdogo aliyemwamsha asubuhi. Nikasema huku nalia, na nilikuwa namaanisha. Woga haukuondoka. Ila nilipata pumzi, nikaweza kunywa maji.

Muuguzi alipotoka uso wake ulikuwa mkavu, nikajua basi.

"Mama yake Neema nani?"

"Mimi hapa."

"Mtoto wa kike. Mama yake hajambo. Mtoto mdogo sana, tutakaa naye kwanza tumwangalie."

Nilikaa chini sakafuni, nikacheka, Bi Time naye kacheka, muuguzi akasema nyie wazee mnaziba njia. Nilimwambia ahsante. Nikamwambia tena. Akasema, "Bibi, ushasema."

Walimfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, mdogo kama kifurushi cha karafuu. Hawakutuahidi kitu. Walituambia tusubiri, anyonye, apate uzito. Ikafika Jumapili mtoto bado yuko wodini. Bi Time akasema atakaa na Neema, mimi niende kanisani. Padri akauliza swali lake. Watu wakageuka, maana benchi langu limelia, nami nshasimama.

Mzee Simoni akanong'ona kwa sauti inayosikika mpaka barabarani, "Mama Neema leo!"

Nilikwenda mbele na soksi za manjano, sikuwa na kitu chengine. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakapotea. Nikasema, "Nimekuja kushukuru. Mjukuu wangu ni mdogo, yuko hospitali. Ya kesho siyajui. Leo amenyonya."

Nikarudi nikakaa. Vikapigwa vigelegele, na mama mmoja wa nyuma analia kwa sauti. Baadaye aliniambia mume wake ni mgonjwa, na yeye hakujua kwamba inaruhusiwa kushukuru kabla mambo hayajatengemaa. Ndiye aliyezinunua zile soksi mnadani. Alinirudishia pale pale mkononi, akasema mtoto asije akapata baridi.

Wameruhusiwa juzi. Nyumba inanuka maziwa na mafuta ya nazi. Neema anataka mtoto aitwe Shukrani, mimi nimesema atachekwa shuleni, Petro hana neno, tunabishana mpaka uji unapoa. Nimekuwa mwepesi, Baba Neema. Nakula, nalala. Woga wangu upo, huu nimezaliwa nao, lakini siku hizi haunizibi mdomo.

Kuna jambo moja nilikuwa sijaliweza. Tangu ulipoondoka, kila nikikutaja mbele za Mungu nilikuwa namuuliza kwa nini. Leo asubuhi nilikuwa namwogesha mtoto, maji ya vuguvugu, yeye kanikazia macho kama anayetaka kunisimulia. Nikajikuta nazungumza na Mungu habari zako. Nilikuwa nshamaliza ndipo nikagundua kwamba sikumuuliza kitu. Nilikuwa nimemwambia ahsante kwa kukuleta.

Pumzika, mume wangu. Mtoto kaamka, nakwenda.

Mkeo,
Mama Neema, ambaye sasa ni bibi