Kiti cha Kando ya Viatu

Al Hail, Maskati
12 Machi 2006

Kwako dada yangu Masouda,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na magoti yako bado yanakubeba mpaka uani bila kushikwa mkono. Mie mdogo wako sijambo, ila sukari imepanda na daktari amenikataza halua. Nimemwambia mtu akikatazwa halua Maskati bora ahame nchi. Alicheka, lakini halua yangu hakunirejeshea.

Kila ukipiga simu unaniuliza Shurooq anaendeleaje skuli, nami nakuzungusha kwa mzaha. Ndiyo ukasema nikuandikie, maana kwenye karatasi siwezi kukuchekesha nikakimbia. Haya, nnaandika. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo herufi zikitambaa nje ya mstari zisamehe. Unataka kujua mjukuu wako abaki huku au arudi kwako. Jibu lipo chini, na usiruke kwenda kulisoma, nnakujua weye.

Mwanao Suud bado yumo jangwani kwenye mafuta, nyumbani anakuja kama mgeni. Kwa hiyo kumpeleka mtoto na kumchukua ni kazi yangu. Darasa lenyewe ni la serikali, la bure, wamelifungua ndani ya skuli ya hapa jirani kwa watoto wadogo. Zuri, nisiseme uwongo: zulia, kiyoyozi, na viti vidogo vya rangi ambavyo mie nikikalia kimoja lazima nivutwe na wanaume wawili. Viatu wanavua mlangoni, vinawekwa kwenye rafu humo humo ndani. Kando ya rafu hiyo ndipo anapokaa Shurooq, yeye na wenzake wawili wa kwetu, weusi kama yeye. Mwanzo nilidhani ni bahati tu. Siku zikaenda, bado wako pale pale wananusa soksi, na watoto weupe wako mbele wanabandikiwa nyota kifuani. Nikamuuliza mwalimu. Akanambia watoto warefu hukaa nyuma. Masouda, Shurooq ni mfupi kuliko birika!

Mwezi uliopita ikaja habari kwamba mkaguzi atapita kwenye madarasa haya kuangalia kama watoto wote wanatendewa sawa, wa asili ya Afrika, Mabaluchi, na wale wa huko milimani. Wazee tukaalikwa, tukapewa kahawa na tende. Nilikula, usimwambie daktari. Kuingia darasani namkuta Shurooq kawekwa mbele kabisa, riboni mpya kichwani, ubavuni mwa mwalimu. Na wale wenzake vilevile.

Mkaguzi ni binti mpole aitwaye Maha, kasoma Ulaya. Akakaa na karatasi zake. Hakukaa sana, Shurooq akainuka, akabeba kiti chake kwa mikono miwili, akapita katikati ya darasa mpaka kwenye viatu, akakitua. Akarudi akawashika wenzake mikono, akawaambia kwa Kiswahili waondoke, pale mbele pana wenyewe, watagombezwa. Nikasema moyoni, alhamdulillah, mtoto kamaliza kila kitu.

Lakini Maha Kiswahili hakijui. Akauliza mtoto kasemaje. Mwalimu, anayekijua kama weye na mie, akamjibu kwa Kiarabu kwamba mtoto anasema anapenda kukaa na rafiki zake, na kwamba hapa kila mmoja huchagua mahali pake. Maha akatabasamu, akaandika.

Hapo nikasimama. Nilitaka kusema vizuri, wallahi, lakini unaujua mdomo wangu. Nikamwambia kwa Kiarabu aulize kwa nini kahawa yote iko mlangoni na maziwa yote yako mbele. Wazee wakaangua kicheko. Maha naye alicheka mpaka akafuta machozi, akasema mashaallah, huyu mzee ana maneno. Nikarudia kwa uso mkavu, wakazidi. Umri wangu wote nimewafundisha watu kunicheka, na siku niliyotaka wasinicheke hawakujua.

Baadaye tukasikia darasa limesifiwa sana, hasa kwa uhuru wa watoto kujichagulia viti.

Sasa nikwambie nililokuwa nnakuzungushia. Jina la mwalimu sikukutajia. Ni Nasriya. Nasriya binti yangu, uliyemnyoa nywele za arubaini kwa mikono yako.

Nilimuuliza jikoni, anakaanga samaki. Hakugeuka. Akasema darasa lilipofunguliwa, watoto wa kwetu aliwaweka mbele. Wakaja kina mama kulalamika kwa mkuu wa skuli kwamba Mzinjibari huyu anapendelea wa kwao, akaonywa. Akawarudisha nyuma asipate lawama, halafu akazoea. Kisha akaniuliza kama najua yeye mwenyewe kwenye mkutano wa walimu hukaa wapi. Nikatafuta mzaha, sikuupata.

Basi jibu lako ni hili: mpokee. Suud amekubali, atamleta akipata likizo. Huku hapigwi wala halali na njaa, na Nasriya anampenda, kila Ijumaa humsuka. Lakini juzi tulipotandika mkeka, mtoto alichukua sahani yake akaenda kukaa mlangoni, kando ya makubadhi yangu. Nasriya akamwita, akamwita tena. Akajibu kwa adabu kwamba hapo panamtosha. Nikajikokota na magoti yangu nikakaa naye, tukala. Nasriya akabaki katikati ya mkeka na sinia peke yake, hakutia tonge mdomoni.

Nyumba itakuwa kimya akiondoka. Nsikwambie zaidi.

Nisalimie jirani zako wote, na huyo mumeo wa tatu kama bado anapumua. Nasriya anakuamkia, amesema nisisahau kuandika hivyo. Na Shurooq akifika, usimwonyeshe pa kukaa. Mpe kiti, kisha nyamaza uangalie atakipeleka wapi.

Ni mimi mdogo wako, mnyimwa halua,
Zahor