Kipengele cha Tatu

Buswelu, Mwanza
14 Juni 1996

Kwako kaka Mashimba,

Shikamoo. Kwa heshima zote nakutangazia wewe na ukoo mzima huko Kisesa kwamba juzi, saa nne asubuhi, choo cha nyumba yangu kilipata mlango. Sasa mgeni anaweza kuingia bila kuimba. Mimi ni mzima; goti tu linalalamika, nami silisikilizi. Wewe kifua kinaendeleaje? Na shemeji, na ng'ombe?

Mlango huo ndio umemaliza nyumba. Kiinua mgongo chote walichotupa walipotupunguza kazini kimo ndani ya kuta hizi, na mwanao Pius amekwisha kuziona. Alikuja Jumapili na jogoo, akaniamkia mara mbili, kisha akapima sebule kwa hatua zake. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, hapana baba mdogo, najinyoosha tu, ila hapa duka la mitumba lingekaa vizuri. Jogoo nimemla.

Simlaumu. Kwetu asiye na mtoto wa kiume hurithiwa na wa kaka yake, na binti yangu Hellen ana kwake Geita, hana neno. Lakini nilisoma kijitabu cha sheria, nikajua mali niliyoichuma mwenyewe naweza kuiandikia wosia, mashahidi wakiwepo, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Jirani yangu Mwanvua aliposikia akasema kuandika wosia ni kumtumia Izraili nauli. Nikamwambia huyo hajawahi kukosa nauli. Akacheka, akasaini.

Sasa kaka, lile lililonishikisha kalamu. Mke wangu Rebeka alipolala mgonjwa miezi mitano, wanawake wa kituo cha yatima hapa jirani walimletea uji kila asubuhi na kumgeuza kitandani. Ndugu zetu walifika siku ya maziko, wakauliza sufuria zake atachukua nani. Kwa hiyo nyumba nimewaandikia watoto wa kituo. Na shahidi wa ukoo ni wewe. Ile karatasi ya Pasaka, ulipokuja kwangu, nilikusomea kama ulivyotaka, ukasinzia kwenye kipengele cha pili. Nyumba iko kipengele cha tatu. Ulipoamka ulisaini, ukauliza kama wali umeiva. Nilipaswa kukusomea upya, sikukusomea. Kosa langu ni hilo. Wosia si kosa. Ukitaka kufuta jina lako, njoo ulifute nikiwa hai, nipate kukujibu. Ukiliacha, basi siku yangu ikifika simama mbele ya ukoo useme saini ni yako, maana bila wewe watoto wale watatolewa nje kabla matanga hayajaisha.

Wasalimie wote, Pius asikose. Ningeandika zaidi, ila leo asubuhi nilimpelekea mama Bernadeta, mlezi wa kituo, habari za nyumba. Alishukuru sana, akaniombea maisha marefu, kisha akauliza kama nina maharage ya mchana huu. Sikuwa nayo. Naenda sokoni.

Mdogo wako,
Mhoja