Kibati Namba Saba

Mpendwa Baba,

Kile kibati chako cha shaba, chenye namba saba na tundu la kupitishia kamba, kilining'inia miaka yote hii kwenye msumari juu ya cherehani yangu pale Chikongola. Wateja wakiniuliza ni cha nini, nawajibu kwamba ni cha baba yangu, alikuwa mkaguzi wa reli. Wananicheka. Reli gani, Mtwara hii? Vijana wengi hawajui kwamba hapa ilipita treni, ikabeba karanga na watu mpaka Nachingwea, kisha reli ikang'olewa kabla mimi sijazaliwa.

Mimi naijua kupitia miguu yako. Siku za kwenda shamba kuokota korosho, wenzetu walifuata njia ya mkato, wewe ulitupitisha juu ya tuta la reli ya zamani. Ulitembea katikati kabisa, nyundo yenye mpini mrefu begani, macho chini kama mtu aliyedondosha sindano.

"Baba, unatafuta nini?" nilikuuliza siku moja.

"Bolti."

"Si reli yenyewe haipo?"

"Miguu haijaambiwa, mama. Twende."

Ndipo ukanieleza kazi yako. Kila mkaguzi alikuwa na sehemu yake. Alfajiri, kabla treni haijaruhusiwa, uliipita yote kwa miguu, ukiigonga reli na kuisikiliza. Chuma kizima kinaimba, ulisema, chenye ufa kinakohoa. Mwisho wa sehemu yako ulikutana na mwenzako aliyeshika sehemu ya pili, mkabadilishana vibati, kila mmoja akarudi stesheni kwake na kibati cha mwenzake. Bwana stesheni akikiona kile kibati kigeni mkononi mwako alijua njia imepitwa yote, na hapo ndipo alipoinua bendera.

Halafu ile asubuhi ya mvua. Uliisimulia mara nyingi hata naweza kuisimulia kama nilikuwepo. Mwenzako alikuonea huruma, akaja kwa njia ya mashambani, akakukuta kwenye kibanda katikati ya sehemu yako. Mkanywa chai ya moto, mkabadilishana vibati hapohapo, ukarudi. Watu wamekwisha panda, karanga zimekwisha pakiwa, bwana stesheni mkono uko kwenye bendera. Ukamwambia, "Bwana mkubwa, kibati kimefika. Mimi sikufika."

Treni ikasimama mpaka ulipokwenda kuimaliza ile nusu iliyobaki. Abiria walikutukana mpaka wakachoka. Hukukuta hata bolti moja iliyolegea. Ulitolewa kwenye ukaguzi, ukapelekwa kubeba kokoto, na jina la Bwana Kibati likakuganda. Kila uliposimulia ulicheka, ila mwishoni sauti ilishuka: "Ile nusu niliitembea kama mtu anayetafuta mtoto wake."

Mjukuu wako Somoe, yule uliyezoea kumwita mke wangu na kumdai chai kila akirudi shule, alikisikia kisa hiki hadi akawa anakusahihisha ukiruka mahali. Sasa nikupe habari zake. Mkeo ni mkaguzi wa reli. Anakaa Morogoro, anafanya kazi kwenye reli mpya ya treni ya umeme, ile inayokwenda kasi mpaka miti dirishani inakuwa ukuta mmoja. Anasukuma chombo kinachopeleka sauti ndani ya chuma na kusoma inavyorudi. Aliponionyesha kwenye simu nilimwambia hiyo ni nyundo ya babu yako iliyopelekwa chuo. Ningetoa chochote uione.

Mwaka huu alitualika, mimi na dada yako Zuhura, tukapande treni Dar es Salaam hadi kwake. Nikashona vitenge vya sare. Shangazi akaja kutoka kijijini Kitaya na begi lake, akafikia kwangu Chikongola. Na wiki hiyohiyo ikatokea ajali. Haikuwa huku kwetu, ilikuwa nchi ya mbali, treni ya mwendo kasi iliacha njia na watu wengi wakafa. Video ikazunguka kwenye kila simu. Mabehewa yamelala ubavu, viatu vimetapakaa kwenye kokoto. Shangazi aliitazama mara moja, akarudisha simu.

"Mimi hapo sipandi," alisema. "Na huyo mtoto aache kazi. Siku ikitokea huku, wa kwanza kunyooshewa kidole ni yeye."

Majirani wote wakawa upande wake. Na mimi, Baba, sitajifanya jasiri, niliogopa. Kilichonizidishia hofu ni wale wakubwa wa nchi ile kwenye runinga. Mabehewa hayajainuliwa bado, wao wanasema watu wasiwe na wasiwasi, njia nyingine zote ni salama. Wamejuaje? Mimi ni fundi cherehani. Nikimwambia mteja nguo haitafumuka kabla sijauvuta mshono, ana haki ya kuninyang'anya kitambaa chake.

Lakini angalia nilivyo. Nilimpigia Somoe nikamtaka afanye vilevile. Nikaweka spika, shangazi yuko pembeni kwenye mkeka. Nikamwambia, "Mwambie bibi yako neno moja tu, kwamba haiwezi kutokea, tufunge safari."

"Shikamoo, bibi," Somoe akasema. "Siwezi kukuapia kwamba haitatokea. Nikiapa nitakuwa nakudanganya."

"Umesikia?" shangazi akanigeukia. "Mwenyewe hana uhakika."

Nilimkasirikia mwanangu, nikataka kukata simu. Yeye akaendelea, taratibu, na ule ukaidi wako.

"Ninachoweza kukwambia ni sehemu yangu. Wiki hii nimeipita yote. Mahali pamoja chombo kilinipa alama nisiyoielewa, nikaandika treni zipunguze mwendo hapo mpaka tupachunguze. Wenzangu walininunia, treni zilichelewa."

"Mkakuta nini?" shangazi akauliza.

"Hamna kitu, bibi. Palikuwa pazima."

Baba, nilihisi nimesimama tena juu ya tuta. Hasira iliniisha palepale. Nilikata simu, nikamsimulia shangazi kisa chako chote, mvua, kibanda, chai, bendera. Nilidhani anakijua. Kumbe hajawahi kukisikia. Alikuwa mtoto mdogo wakati ule, na pale kijijini walimzomea kwamba yeye ni dada wa Bwana Kibati, mtu aliyelala kazini mpaka treni ikachelewa. Umri wote huu, Baba, dada yako aliamini ulilala kazini, na kwa kukuheshimu hakuwahi kukuuliza.

Alijifunika uso kwa khanga, akalia. Kisha akaniambia nimpigie tena yule mtoto.

"Hiyo sehemu yako," akamuuliza, "umeipita kwa miguu yako mwenyewe?"

"Kwa miguu yangu, bibi."

"Na za wenzako?"

"Za wenzangu sijazipita. Nao wanaandika wanachokiona, kama mimi."

"Basi tunakuja," alisema, akaenda kukitoa kibati chako kwenye msumari na kukitia katika begi lake.

Tulipanda, Baba. Nasema hivi kwa kila anayeogopa kwa sababu ya ile video: hofu yenu si ujinga, na asiwepo wa kuwacheka. Ila mimi imani yangu sasa ninayo, na sikuipata kwa aliyeniambia hakuna shida. Nimeipata kwa msichana aliyekubali kununiwa. Shangazi yeye hofu haikumwisha kirahisi. Tangu treni ilipoondoka aliuma pindo la kitenge, hatazami dirishani, midomo inasoma dua.

Kisha katikati ya safari treni ikapunguza mwendo, ikapunguza tena, ikawa inakwenda kama baiskeli. Sauti ikatangaza kwamba kuna ukaguzi wa njia mbele, tuwe wavumilivu. Bwana mmoja kiti cha mbele akasonya, akasema hii ndiyo treni ya mwendo kasi gani, ana kikao.

Shangazi akaliachia pindo. Akainama mbele, akamgusa bega.

"Tulia, baba. Kuna mtu anapita huko, hajamaliza."

Halafu akafungua begi, akatoa korosho za kukaanga, akamgawia yule bwana, akanigawia na mimi, akaanza kutazama milima dirishani na kuniuliza majina yake, kana kwamba mimi nayajua.

Somoe alikuwa anatungoja stesheni na sare yake ya kazi. Kabla ya kukumbatiwa, shangazi alimwekea kibati mkononi. Naye alikigeuza, akaisoma ile saba, akakifumbata.

Pumzika, Baba. Kibati kimefika. Na sisi tumefika.

Binti yako,
Mama Somoe