Lambo la Mlimani na Majani ya Mama Mageni

Jumatatu, 10 Aprili 1972
Ndugu wakulima, wenzangu katika vita dhidi ya jua! — Ndivyo nitakavyoanza hotuba yangu mkutanoni Jumamosi. Athanas, katibu wa kijiji anayenipa malazi, anasema nikisita kidogo baada ya "jua" watapiga makofi. Hoja yangu ni nyepesi. Mvua hukatika mpunga ukiwa ndio kwanza unachanua, nao hufia majarubani mbele ya macho yetu. Tukikinga maji kwenye bonde la juu mlimani, tutayateremsha kwa mfereji hadi mavuno. Mhandisi wa maji anakuja siku hiyohiyo. Asipokuta kijiji kimekubaliana, lambo litakwenda kwingine. Leo nimepigilia vigingi kumi na viwili. Bonde ni pori tupu, majani yafika kiunoni, halina hata unyayo wa ng'ombe. Ardhi iliyolala ikingoja mapinduzi.

Jumatano, 12 Aprili
Vigingi vimeng'olewa. Nimeshutumu mabeberu, kisha makabaila. Athanas kacheka mpaka kakaa chini. — Mtoto wa Kahama mjini wewe, kasema. Ile ni ngitili ya Mama Mageni. Hufungwa masika nzima, mifugo isikanyage, ili kiangazi ng'ombe wake wapate malisho. Kumbe nilichodhani ni ukiwa kilikuwa ulinzi. Miaka miwili ya chuo kikuu, na sikuuliza.

Alhamisi, 13 Aprili
Nimekwenda kwake. Aliitikia shikamoo yangu huku akichochea moto. Ugali ulikuwa jikoni. Chini ya chungu, vigingi vyangu.
"Miti yako mibichi, mwanangu. Moshi mwingi kama hotuba."
Nikamweleza habari za mpunga. Akasema anazijua, majaruba yake matatu yanakauka kama ya wengine. Lakini lambo likimeza ngitili, ng'ombe kumi na mmoja watakula nini mwezi wa tisa? Nikamkunjulia ramani yangu. Mwishowe akataka kuonyeshwa, kwa miguu yake, maji yatakomea wapi. Nusu ya juu ikisalia kavu, atafikiri.

Ijumaa, 14 Aprili
Tumepima upya kwa kamba, yeye mbele, mimi nyuma. Tukipunguza kimo cha tuta la lambo, nusu ya juu inapona. Mfereji utatosha majaruba ya karibu tu. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Hotuba nimeichana, kurasa sita, nami nina furaha isiyo na maelezo ya kisayansi. Athanas amezunguka na baiskeli kutangaza: mkutano ni kesho, saa mbili asubuhi, si shuleni tena, bali ndani ya ngitili. Mama Mageni ameruhusu watu waingie, mifugo hapana. Na atasema yeye kwanza.