Tumuombee Sidonie

Mujukuu yangu Ngalula,

Amani ikufikie huko Kinshasa. Hapa Musonoi tuko bazima. Mama yako anakohoa kidogo. Usihangaike, mi nitahangaika kwa ajili yako. Unakula muzuri?

Umeuliza kama riwaya ulizonitumia zimenifurahisha. Ya kwanza ilinipa usingizi. Lakini ile ya Sidonie, weee! Bwana yake alipomufukuza akiwa na mimba, niliacha bukari ikaungua mu sufuria. Jumapili kanisani, pasta alipouliza nani ana shida, nikasimama: "Tumuombee Sidonie, bwana yake amemufukuza!" Bamama balilia kabisa. Maombi yalipoisha, Mama Kapinga akaniuliza, "Anakaa wapi? Tumupelekee unga."

"Ni mutu wa mu kitabu."

"Aa, mama! Tumelilia karatasi?" Bote bakacheka, hata pasta. Halafu Kapinga akanivuta pembeni: "Na mutoto, alizaliwa?"

Sasa kila Jumapili bamama banakuja kwangu, mi nasoma kwa sauti, kidole chini ya neno. Tumefika pale Sidonie anaanza uchungu. Usituambie mwisho, Ngalula. Najua uliandikwa zamani, lakini sisi tungali tunamuombea.

Ni mi, kaku yako