Safu ya "Alipo"

Mkolani, Jumamosi

Baba, shikamoo.

Hatujambo. Mama hajasema nikusalimie, ila anajua ninaandika. Ni mwezi wa tano tangu daraja la Kigongo lifunguliwe, foleni ya kivuko iishe na soda zako zikose wanunuzi, nawe uende migodini Geita. Simu yako haipatikani.

Shuleni Madam Odeta ametufundisha kutengeneza jedwali la tovuti. Unaliandika mara moja, kisha unalitumia kwa taarifa zozote: vitabu, matokeo, hata mechi. Ukibonyeza kichwa cha safu, majina yanajipanga yenyewe. Kwa majaribio niliweka watu wa nyumbani kwetu, na kitufe cha "Waliopo tu".

Jana nilikuja na kompyuta ya shule. Mama akasimama nyuma yangu na ungo wa mchele. Nilipobonyeza kitufe hicho, mstari wako ukaondoka.

"Umemfuta baba yako?"

"Hapana, Mama. Amefichwa tu." Nikabonyeza tena, ukarudi.

"Hebu rudia."

Nilirudia mara nne. Kisha akasema mchele huu una mawe mengi, akaenda nje.

Jumapili ijayo tunahamia kwa bibi, Usagara. Mama alikataza nisikuambie.

Safu ya "Alipo" nimewajazia wote isipokuwa wewe. Madam anakata alama kwa nafasi iliyo wazi, lakini sitaki kuandika nisichokijua. Baba mdogo Iqbal, anayekuja kukutafuta migodini na barua hii, atasubiri jibu. Neno moja linatosha. Nitalijaza kama utakavyoliandika.

Mwanao,
Hadiya