Pleti Mbili za Upande wa Kushoto

Karibu na soko la mbuzi,
Isiolo.
Jumanne.

Kwako shemeji Lobokat,

Nakusalimu wewe, dada yangu Kathure na watoto, pamoja na huo upepo wenu wa Loiyangalani usiojua Jumapili. Mguu wa Kathure umepona? Huku mama amemaliza dawa ya kifua na ameanza tena kugombana na majirani, kwa hivyo ni mzima. Mimi ndiye nimechoka. Kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili, mimi Gitobu, ambaye kutoka hapa hadi Ngaremara hakuna lori linawekwa bodi kabla watu hawajauliza niko wapi.

Utashangaa naandika na simu iko. Kwenye simu ningeleta mzaha, wewe ungecheka, na neno lenyewe lingepita.

Ile mashua ya tanga ya zahanati yenu, ambayo utaiendesha wewe, ilifika kwangu wiki sita zilizopita ikiwa juu ya lori kutoka Pwani. Sista Jecinta alisema sitaha yake inavuja. Kila penye chuma kilichofungwa kwa bolti, maji yanapita na kulowesha vitanda vya wagonjwa vilivyo chini. Kazi ilikuwa kufungua vyuma vyote, thelathini na kimoja, kutoa gundi ya zamani, kuziba upya na kufunga. Aliniletea mimi kwa sababu Kathure alimwambia kwamba mimi ndugu yake niliwahi kuunda meli bandarini Kilindini. Hiyo nitaifikia.

Nilipaka silikoni, ile ya tyubu ninayozibia paa za malori. Shemeji, Isiolo inadanganya fundi. Mvua hapa inakuja mara mbili kwa mwaka, tena ikikumbuka. Unaziba leo, unasifiwa miezi saba, na siku ikinyesha mwenye lori yuko Moyale. Nilimaliza kwa siku nne, nikatembea sokoni kama mkubwa wa bandari.

Sista akasema tujaribu kwanza kwa maji. Kalicha, anayeuza maji kwa mkokoteni wa punda, alimwaga mitungi kumi juu ya sitaha. Kisha akaingia chini kuangalia, akatoka kofia imelowa, akaniuliza kwa upole kama hii ni mashua ama ni chujio la chai. Soko lote lilicheka. Mpaka leo kuna mama ananiita Chujio.

Nikaenda kwa mzee Ahmednasir, yule anayefunga vioo vya malori. Yeye hakucheka, alisikitika, na hiyo ni mbaya zaidi. Alisema silikoni ukiitoa inaacha mafuta yake, na juu ya mafuta hayo hakuna gundi itashika, hata silikoni mpya. Nikasema basi anipe ile gundi yake nyeusi ya vioo. Akaniuliza kama namchukia fundi atakayefungua baada yangu, maana ile siku ya kufungua inang'oa chuma pamoja na ngozi ya mashua. Mwishowe alinipa mkanda wa butili, mweusi, laini, unaonata kama ulimbo. Huo haukauki. Unauzungusha kwenye shingo ya bolti, unakaza kidogo, unaacha ukae, kesho unakaza tena, na ukitaka kufungua unafungua bila vita.

Lakini kwanza ile silikoni yangu itoke. Petroli inasambaza mafuta tu, niliijaribu nikajuta. Ni wembe, halafu msasa, halafu spiriti na kitambaa kipya kila mara. Ukidondosha maji yakajikunja kama shanga, bado mafuta yapo, unaanza tena. Nilipiga magoti juu ya mashua hiyo wiki tano, jua la Isiolo mgongoni. Sista alikuwa akipiga simu kutoka huko kusema kuna mama wajawazito ng'ambo ya ziwa lenu wanaosubiri. Hakuwahi kunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Sasa nisikilize vizuri. Vilibaki vyuma viwili, pleti mbili za upande wa kushoto, zile zinazoshika nyaya za mlingoti. Jumamosi Sista akaja, akasema lori linakuja Jumatatu. Nilizitazama hizo pleti, mkono ukakataa. Sikuzifungua. Nilipitisha wembe pembeni, nikabandika mkanda mweusi kuzizunguka, zikafanana na zingine. Kalicha akamwaga maji, hayakupita. Hayakupita siku hiyo. Sista alishika mikono yangu, akaiombea, nami nikaitika amina.

Ndani ya sitaha, katikati ya ngozi mbili za fiba, kuna ubao. Maji yakipenya polepole ubao utaoza bila mtu kuona, na siku moja upepo wenu utang'oa pleti, mlingoti ukuangukie wewe na wagonjwa wako. Lori liliondoka jana.

Na Kilindini, shemeji, meli niliziona mara moja tu, nikiwa turniboi wa lori, nimekaa juu ya magunia ya maharagwe. Sijaunda hata ndoo. Kathure alitangaza uongo wangu akidhani ni sifa ya nyumba yetu.

Barua hii nampa Jama anayeleta miraa huko, kwa sababu pikapu yake inapita kila kitu barabarani, na lori la mashua linaenda pole. Usikubali mlingoti usimamishwe, hata wakisema ni kuujaribu tu. Mimi natoka Alhamisi na lori la mbuzi. Nitazifungua hizo pleti mbele yako na kuzifunga vile inatakiwa, hata ikichukua mwezi, kama Sista ataniruhusu kuigusa mashua yake.

Ukimaliza kusoma, mwite Sista Jecinta, umsomee yote, na Kathure akiwa hapo. Usiruke mahali.

Watoto uwaambie mjomba anawasalimu sana. Mungu awatunze nyote hadi nifike.

Ni mimi shemeji yako,
Gitobu, fundi wa bodi za malori.